Maswali na Majibu: Farasi wa Mbao wa Kubembea

Swali: Namtengenezea mjukuu wangu wa miaka mitatu farasi wa kubembea. Nitumie mbao gani?

Jibu: Mzee wetu, mtiki uliokauka vizuri unafaa kwa sehemu zote, kwani haupindi ovyo na hupigwa randa bila taabu. Mvule nao ni imara, ila vumbi lake huwasha ngozi na pua, hivyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Swali: Matao ya chini ya farasi wangu yamekatika nchani, ilhali nilitumia ubao mnene wa mninga. Kosa liko wapi?

Jibu: Mninga hauna kosa, tazama mwelekeo wa nyuzi. Tao likikatwa katika ubao mmoja ulionyooka, nyuzi hulifuata katikati tu, na kadiri unavyozikaribia ncha ndivyo zinavyolikata kimshazari na kubaki fupi, na hapo ndipo linapopasuka mtoto anapoegemea mbele kwa nguvu. Chana vipande vyembamba vya milimita 4, vipake gundi ya mbao, uvikunje pamoja juu ya kalibu (umbo lenye mkunjo wa tao) na kuvibana kwa jiriwa (vibanio vya fundi) hadi kesho yake. Ikiwa ni mtiki, pangusa kwanza mafuta yake kwa kitambaa chenye thina, la sivyo gundi haitashika. Asiye na jiriwa za kutosha (na ni fundi gani wa nyumbani anazo?) aunganishe vipande vifupi kwa tabaka mbili, maungio ya tabaka moja yasikutane na ya nyingine.

Swali: Nitachoraje tao ili farasi asipinduke?

Jibu: Pigilia msumari kwenye ubao mpana, ufunge uzi wa sentimita 100 wenye penseli nchani, kisha uzungushe. Uzi mrefu zaidi huleta mbembeo wa haraka, mfupi huleta wa polepole. Farasi hujirudi mwenyewe maadamu kitovu cha uzito, pamoja na mtoto, kiko chini ya kitovu cha tao, yaani pale ulipopigilia msumari. Kiti kikiwa sentimita 40 kutoka sakafuni, kwa uzi huo hamna shaka. Hata hivyo, matao yavuke pua na mkia, na chini ya kila ncha gundisha kizuizi kidogo.

Swali: Vipi rangi na manyoya ya shingo?

Jibu: Nunua rangi iliyothibitishwa kuwa haina madini ya risasi, kwa sababu masikio ya farasi yatatafunwa tu. Manyoya yawe ya katani iliyochanwa, mafupi, yaliyogundishwa ndani ya mfereji. Hatamu ya kamba ndefu yaweza kumkaba mtoto. Badala yake pitisha kichwani mpini wa mviringo wenye unene wa sentimita 2.5.