Sauti ya mtoto imekauka: ni koo au ni moyo?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi minne na sauti yake imekauka kwa muda mrefu, akilia, husikika pumzi kuliko kilio. Ananyonya kidogo kisha anaacha, jasho likimtoka kichwani. Dawa ya kikohozi haijamsaidia, na mama mkwe anasema ni kimeo, kikatwe. Nifanye nini? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, kimeo kisiguswe. Hakihusiki na kukauka kwa sauti, na kukikata kienyeji kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi mabaya.

Watoto wengi wanaokaukiwa sauti wana mafua tu, au kasoro ya koo, na baadhi yao wana upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Kilichonishtua katika barua yako ni lile jasho wakati wa kunyonya, kwa sababu likiambatana na sauti iliyokauka hunifanya nifikirie moyo.

Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto hushuka kwanza hadi kifuani, ukapita chini ya upinde wa aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, jirani kabisa na ateri ya mapafu, ndipo ukapanda kooni. Mtoto akizaliwa na tundu kubwa moyoni, au mrija unaounganisha ateri hizo mbili usipoziba baada ya kuzaliwa, damu nyingi kupita kiasi huelekea mapafuni, na ateri ya mapafu iliyotanuka huweza kuubana mshipa huo. Uzi wa sauti hupooza, na maziwa humpalia mtoto kwa urahisi. Norbert Ortner wa Vienna alieleza ukaukaji wa sauti unaotokana na moyo mwaka 1897, kwa wagonjwa wenye vali, yaani mlango wa ndani ya moyo, iliyosinyaa.

Akiwa amelala, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa umri wake ni nyingi mno. Zikifika hapo, au midomo ikigeuka bluu, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hata zikiwa chache, mpeleke hospitali ya mkoa wiki hii pamoja na kadi ya kliniki, kwa kuwa mstari wa uzito utamweleza daktari mengi. Omba apimwe moyo kwa eko, kipimo kisichouma kinachopiga picha kwa mawimbi ya sauti, na nyuzi za sauti zitazamwe kwa kamera. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanakopasua mioyo ya watoto. Sauti huweza kurudi baada ya matibabu, ingawa mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usipone. Na ikiwa tatizo ni mrija, zungumza mapema na daktari wa upasuaji, kwani kuufunga nako huweza kuujeruhi mshipa huo huo.