Kufoka kabla hujafikiri

Dada yangu wa Majengo, Moshi, unasema mwanao akimwaga maziwa unafoka kabla hujajijua, tena kwa maneno yaleyale ya marehemu baba. Pole sana. Huna roho mbaya. Ubongo wako ulijifunza utotoni kwamba jibu la kosa ni kelele, nao hulitoa upesi kabla hujapata nafasi ya kufikiri.

Chunguza hasira inaanzia wapi mwilini. Mimi huanza taya kubana. Ukiisikia tu, chukua kitambaa, pangusa maziwa kwanza, ndipo useme.

Itachukua muda. Mtafiti wa tabia Phillippa Lally na wenzake, London, walikadiria tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu. Ukiteleza, mwombe mtoto samahani jioni ileile.