Utafiti wa kaya Kigoma: panga kurudi kabla hujapanga kwenda

Kila nikiombwa ushauri na mtu anayetaka kufanya utafiti wa kipato na hali ya maisha ya kaya hapa Kigoma, swali lake la kwanza huwa ni idadi: nichukue kaya mia ngapi? Mimi humuuliza: mwaka wa tatu utazipataje? Utafiti wa mara moja unataka sampuli nzuri, dodoso zuri na wadadisi waaminifu. Wa miaka mingi unataka hayo yote, kisha urudi kwa mtu yuleyule, umkute, akukubali tena, umuulize swali lilelile kwa namna ileile. Nimesimamia wadadisi katika vijiji vya mwambao na vya milimani kwa miaka kadhaa, na kila uamuzi wa mwanzo naupima kwa kipimo hicho: unanisaidia kurudi au unanizuia?

Mfano mzuri uko jirani. Kule Kagera, kati ya mwaka 1991 na 1994, zilihojiwa kaya 915 katika utafiti wa afya na maendeleo. Watafiti wakarudi mwaka 2004, na tena mwaka 2010. Waliporudi hawakuishia kugonga milango ya zamani. Walimfuata kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya mwanzo, awe ameolewa kijiji cha pili, amehamia Mwanza au amevuka kwenda Uganda. Kaya zilizohojiwa zikawa zaidi ya 2,700 mwaka 2004 na zaidi ya 3,300 mwaka 2010, kwa sababu watoto wa jana walishaanzisha miji yao. Humo ndimo ilimopatikana habari kubwa: waliohama Kagera, matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Wangehoji waliobaki tu, wangeandika kwamba maendeleo ni haba, na wangekuwa wamewaacha nje wale waliopiga hatua.

Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee, maana watu wetu wanasafiri. Mvua zikikaribia, vijana wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe huondoka kwenda mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua kule Tabora. Wengine hawalipwi mpaka mwenye shamba auze tumbaku yake, miezi mingi baadaye. Ukifika nyumbani kwao Januari, mama atakwambia kijana hajaleta kitu. Ukifika baada ya masoko ya tumbaku, utakuta bati jipya juu ya paa. Kaya ni ileile, mwaka ni uleule, na majibu mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo fomu ya kumtafuta mtu ipewe heshima sawa na dodoso lenyewe. Jina la kwenye kitambulisho peke yake halitoshi. Mtu anaweza kuwa na jina la kadi ya kura, jina la ubatizo na jina ambalo kijiji kizima kinamwita, na hilo la mwisho ndilo litakalokufikisha kwake. Andika anaitwa mama nani au baba nani. Andika nyumba iko upande gani wa mti, wa zahanati au wa kanisa, hata kama kishikwambi kimeshachukua majira ya nukta ya eneo (GPS), maana nyumba ya udongo hubomolewa ikajengwa mita hamsini pembeni. Chukua namba za simu za watu watatu wasioishi kwenye kaya hiyo: ndugu mmoja wa kijiji cha mbali, rafiki mmoja, na mtu mmoja asiyehamahama, kama mwalimu mstaafu au mwenye duka. Na uulize mapema kabisa: mkihama hapa, mnadhani mtaelekea wapi? Watu hujibu vizuri sana swali hilo. Wanazijua ndoto zao.

Amua pia tangu mwanzo kaya ni nani. Kipimo cha kawaida ni watu wanaokula chungu kimoja na kuishi pamoja. Kwenye ndoa za mitala kila mke ana nyumba yake, shamba lake na ghala lake, na mume anazunguka. Mimi huhesabu kila mke na kaya yake, mume namuandika kwa mmoja tu kwa kanuni iliyoandikwa, na kanuni hiyo haiguswi tena. Ukiibadilisha awamu ya pili, utaona umaskini umepanda au umeshuka kumbe aliyehama ni mume kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wengi wa mkoa huu hawalifikirii kabisa, nalo ni mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika ni wa usiku na taa. Giza likiwa nene, taa huwavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, vyombo hupumzika siku kadhaa, wavuvi wanashona nyavu au wanarudi makwao. Dodoso nyingi, likiwemo lile la Utafiti wa Kitaifa wa Kufuatilia Kaya ulioanza 2008/09 kwa kaya 3,265, huuliza kaya imekula nini kwa siku saba zilizopita. Kwa mkulima wa Kalinzi, wiki mbili zinazofuatana hazina tofauti kubwa. Kwa mvuvi wa Kibirizi au Katonga, wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi ni kama kaya mbili. Fedha, kitoweo, deni la dukani, hata idadi ya watu wanaolala pale, vyote hubadilika.

Kwa hiyo kwa vijiji vya mwambao, mtafiti aweke kalenda ya mwezi mezani wakati wa kupanga ratiba. Ama kila kaya itembelewe mara mbili, gizani na kwenye mbalamwezi, ama kaya za kila mwalo, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, zigawanywe sawasawa katika mzunguko mzima wa mwezi, na awamu inayofuata kila kaya irudiwe katika hatua ileile. Kipato cha uvuvi kiulizwe kwa mzunguko wa giza lililopita, jinsi wavuvi wenyewe wanavyohesabu, maana mgawo kati ya mwenye chombo na vijana wake hupigwa baada ya kutoa mafuta na gharama nyingine. Ukimuuliza kijana wa chombo analipwa kiasi gani kwa siku, atakupa namba kwa kukuheshimu tu. Muulize giza lililopita mlitoka siku ngapi, ya mwisho uligawiwa nini, na samaki wa kula nyumbani ulipata kiasi gani. Hapo anakueleza vizuri, na mara nyingi mwenzake aliyekaa pembeni anamsahihisha.

Na matukio ya mwaka yaandikwe kwenye daftari la msimamizi siku yanapotokea. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mtu aliyehoji kaya za mwambao Juni mwaka ule, akazilinganisha na Juni ya mwaka mwingine bila kujua, angeandika habari ya anguko kubwa la kipato na asingejua limetoka wapi. Hali kadhalika bei ya kahawa, ugonjwa wa mihogo, daraja kusombwa na maji. Daftari la mambo hayo ni rahisi kuliko kitu kingine chochote katika utafiti, na miaka mitano baadaye linakuwa la thamani kuliko vingi.

Kuhusu kipato chenyewe, nasema wazi kwamba siamini jibu la swali moja. Mkulima hana mshahara. Ana shamba la mahindi na maharage, migomba, kibarua cha siku, kuku, michikichi sita nyuma ya nyumba. Ndiyo maana takwimu za umaskini nchini hupimwa kwa matumizi ya kaya. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakawa chini yake. Pima matumizi kwa uangalifu, kisha kipato kiulizwe chanzo kimoja kimoja, kila chanzo kwa aliyekifanya.

Nakumbuka mama mmoja wa kijiji kimoja cha Mwandiga. Mdadisi alimsalimu, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akaenda moja kwa moja kwenye swali la kipato. Mama akasema, "Mwanangu, sisi hapa hatuna kipato, tunabahatisha tu." Mdadisi alikuwa tayari kuandika sifuri. Pembeni palikuwa na pipa, lina masizi mpaka shingoni, na rundo la makapi ya chikichi bado linatoa mvuke. Nikamuomba mdadisi aulize mawese ya mwisho yalikamuliwa lini. Jana. Madumu mangapi? Mawili. Moja limeuzwa, jingine nusu amepewa aliyesaidia kutwanga, nusu limebaki la kupikia. Na mise, zile kokwa za chikichi? Mise anazo kwenye gunia, anasubiri mnunuzi. Kwake yeye kipato ni mshahara wa mwalimu, na mawese ni maisha tu. Tangu hapo wadadisi wangu hawaruhusiwi kutamka neno kipato mpaka wawe wamemaliza kuuliza shughuli zote za nyumba.

Vipimo navyo vinataka kazi ya sokoni kabla hujaingia hata nyumba moja. Watu hununua kwa fungu, kopo, sado, bakuli na debe, na bakuli la dagaa la mwaloni silo bakuli la dagaa la Kasulu mjini. Nunua wewe mwenyewe kila kipimo kwa wauzaji watatu tofauti katika kila soko, kipime kwenye mizani, kipige picha kikiwa na rula pembeni, uandike bei. Picha hizo ziingie kwenye kishikwambi ili mhojiwa aonyeshe kwa kidole. Rudia zoezi hilo kila awamu, kwa sababu muuzaji bei ikipanda mara nyingi hapandishi bei, anapunguza fungu. Usipopima utadhani familia imekula vilevile.

Kuna hofu ambazo lazima uzijue kabla ya kubisha hodi. Ya kwanza ni TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini. Ukionekana na karatasi unauliza idadi ya milo, watu wanadhani unaandikisha kaya maskini, na kila mtu anakuwa na njaa siku hiyo. Ya pili ni kodi, na hapo kila mtu anakuwa hana ng'ombe. Ya tatu ni yetu sisi wa mpakani: uraia. Kule Kakonko, Kibondo na Kasulu, wilaya zilizopokea wakimbizi kwenye kambi kama Nduta na Nyarugusu, swali la umezaliwa wapi na wazazi wako wametoka wapi linaweza kufunga mazungumzo yote, maana mtu anaona Uhamiaji mbele yake. Maswali ya asili na mahali pa kuzaliwa yawekwe mwishoni, na kama si ya lazima yaondolewe. Ruhusa ipite ngazi zote, mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, lakini mtendaji asikae kwenye mahojiano. Akusindikize mpaka mlangoni, akutambulishe, aondoke. Usiahidi chochote. Sabuni au sukari ya shukrani itolewe mwisho, na iwe sawa kwa kila kaya.

Majina na namba za simu vikae kwenye faili tofauti na majibu, lenye nywila, na watu wachache sana wanaoruhusiwa kulifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za watu zilindwe, na hata isingekuwepo, mtu aliyekueleza deni lake na ugonjwa wake hastahili kusikia habari zake kijiweni.

Wadadisi wajue Kiha, lugha ya wenyeji, wawepo wanawake wa kutosha, na wasipangwe kijiji walichozaliwa. Mume na mke wahojiwe mbalimbali, kwa wakati mmoja ikiwezekana, maana mke ana fedha ambazo mume hazijui na mume vilevile. Msimamizi arudie maswali machache kwa baadhi ya kaya bila kutoa taarifa. Kishikwambi kikatae majibu yasiyowezekana, lakini kisikatae ya ajabu, kwa sababu maisha yana ya ajabu.

Kisha dodoso liachwe lilivyo. Kila awamu atatokea mtu ofisini mwenye swali bora kuliko la zamani. Liongezwe mwishoni kama lina faida, la zamani libaki neno kwa neno na mahali pake, hata kama halipendezi. Linganisha la mwaka huu na la mwaka ule kwa bei zilizokusanywa sokoni, usilinganishe shilingi tupu.

Kati ya awamu na awamu ndipo tafiti nyingi hufa. Mtu mmoja aajiriwe kwa kazi ya kupiga simu kwa kila kaya kila baada ya miezi minne: habari za nyumbani, nani ameondoka, nani amezaliwa, namba imebadilika? Simu ya dakika tano. Matokeo ya awamu iliyopita yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji yakiwa ya kijiji kizima, bila jina la mtu, na wapewe nafasi ya kuuliza na kupinga. Kwenye bajeti tenga fungu la kufuatilia waliohama tangu siku ya kwanza, na usikubali likatwe mafuta ya gari yanapopanda: nauli ya treni mpaka Urambo, malazi Kaliua, siku mbili za kuulizia mashamba, mdadisi anayejua kuongea na vibarua jioni wakishatoka kazini. Kumpata kijana mmoja wa namna hiyo kunagharimu kuliko kuhoji kaya kadhaa zilizobaki nyumbani. Mlipie.