Inzi wadogo kwenye kreti za zabibu

Dada wa Majengo, umeuliza kama inzi hao wadogo wenye macho mekundu wanazaliwa na zabibu zenyewe. Hapana, wanafuata harufu ya kuchacha. Zabibu nzima ganda lake huwashinda. Jike hutafuta iliyopasuka au iliyochunika kwenye kikonyo, akataga humo mayai ya nusu milimita. Funza wake hula hamira iliyomo kwenye juisi. Kwa joto la nyuzi 25, yai huwa inzi kamili kwa siku kama 10. Kwa hiyo chambua kila jioni, zilizopasuka zipeleke mbali, na kreti uzioshe, hasa kwenye kona panapoganda juisi. Sumu usipulize, tafadhali, wateja wanaonja palepale. Siki kidogo kikombeni na tone la sabuni ya maji itawazamisha, ila kreti ikibaki chafu hutawamaliza.