Jibu: Warundi wanaotaka kurudi kwao, waanzie wapi?

Salaam ndugu. Umeuliza kama wapangaji wenzako wa hapo Chumbageni, Tanga, Warundi waliokimbia vurugu za 2015, wapande tu basi la Kigoma wavuke mpaka wa Burundi pale Manyovu. Wasikurupuke. Kwanza uwaulize: waliandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Nyarugusu au Nduta? Kama ndiyo, wajiandikishe kurejea kwa hiari kupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Majirani zangu Warundi wa Pongwe walipotaka kurudi, kilichowatoa jasho ni karatasi za watoto: cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi) na matokeo ya shule. Hizo zisiachwe hata iweje. Halafu mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hapa Tanga anakwenda kukuta Kirundi na Kifaransa darasani, aanze kuzoeshwa sasa.

Shamba? Wampigie mapema kiongozi wa kilima chao (kule Burundi kilima ni kama kijiji), wafike kabla ya kupanda kwa Septemba.