RO (mashine ya kuchuja maji) inatoa maji safi kidogo, ya taka hayakati

Ndugu, kama maji safi yanatoka kiduchu afu yale ya taka hayakati hata tenki likijaa, usikimbilie kununua membreni (ule utando wa ndani unaochuja maji), ndo kitu cha bei hicho. Anza na filta ya kwanza ile ya matope, ukiitoa ukakuta imekuwa ya kahawia na inateleza basi imeziba, weka mpya. Cheki na presha ya maji yanayoingia, ikiwa chini ya psi 40 utahitaji pampu. Alafu funga koki ya tenki, subiri dakika chache, maji taka yakiendelea kutiririka tu ujue ni chekivalvu (inayozuia maji kurudi nyuma) au ile valvu ya kujizima tenki likijaa, imeharibika. Membreni ipime na mita ya TDS (inayosoma kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji), yakiingia 500 yakatoka 40 hiyo bado nzima.