Rangi Zote ni Zako, Dada Mweusi, Isipokuwa Chokaa

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji, binti anayejiandaa na mahafali yake. Alianza kwa shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu, kisha akauliza: "Dada, mimi ni mweusi kabisa. Naambiwa lipstiki nyekundu na rangi kali kali si za watu kama mimi, nibaki na kahawia tu. Ni kweli?" Akaambatanisha na picha. Picha ya mtu siielezei hadharani, ila ngozi ile ikikaa kwenye kiti changu cha kazi, siku hiyo napaka huku naimba.

Mdogo wangu, si kweli. Napaka nyuso za watu weusi ti, weusi wa kawaida na wa maji ya kunde, na sijaona rangi iliyokatazwa. Kinachotuharibu ni chokaa. Naita chokaa ule weupe uliofichwa ndani ya chupa ya fandesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayotangulia usoni, ndani ya poda, ndani ya lipstiki ya waridi iliyopauka. Ukikaa usoni unageuka kijivu, halafu lawama zinaangukia ngozi.

Nalisema hili kwa hasira na sababu ninayo. Niliwahi kuwa mmoja wa wapambe wa bibi harusi kwenye ndoa ya binamu yangu. Mpambaji aliyeletwa alikuwa na sanduku zuri, brashi zimepangwa kwa ukubwa. Wenzangu wa maji ya kunde aliwapaka wakapendeza. Zamu yangu ilipofika akanitazama, akafungua chupa ileile, akasema, "Wewe tutakuchangamsha kidogo." Nikachangamshwa. Juu ya fandesheni akamwaga poda nyeupe, chini ya macho akaweka konsila, ile krimu ya kufichia madoa, ya rangi ya mchanga, mdomoni waridi ya maziwa, akamalizia na hailaita, ile ya kung'arisha, ya fedha mashavuni. Chumba kilikuwa na taa ya manjano, na kwenye kioo nilijiona wa heshima tu. Picha zilipotoka, shingo ilikuwa ya kwangu, uso wa mtu nisiyemjua.

Moja ya picha hizo imetundikwa sebuleni kwa shangazi mpaka leo. Nimemwomba aitoe, tena si mara moja, na jibu lake ni lilelile: "Mbona hapo ulipendeza, ulikuwa mweupe." Shangazi ananipenda, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yamenikaa kooni, na nadhani nusu ya ufundi nilionao nimeupata kwa kuyatafutia jibu.

Miaka ya kujifunza nairuka, ilikuwa ni kununua, kufuta na kununua tena. Siku hizi watu wananitafuta wenyewe. Hivi karibuni nilimpaka msichana mweusi kuliko mimi, nikamwekea bluu nzito ya kung'aa kwenye kope na mdomo wa rangi ya zambarau iliyoiva. Mama yake alipoingia chumbani alinyamaza, nikaogopa. Kisha akaniuliza kama naweza kumpaka na yeye. Nikampaka.

Basi tuanze na fandesheni, maana ikikosewa hapo hakuna lipstiki itakayokuokoa. Ndani ya fandesheni nyingi rangi za msingi ni nne: nyeupe, ambayo ni titani dioksidi, na oksidi za chuma nyekundu, njano na nyeusi. Chupa zote unazoziona kwenye rafu zimetokana na kuchezea vipimo vya hizo nne. Mtengenezaji mvivu akitaka chupa ya mtu mweusi huchukua mchanganyiko wa mtu mweupe akaongeza nyeusi. Nyeupe na nyeusi zikikutana zinazaa kijivu, na hicho ndicho unachokiona kwenye kioo ukadhani umepauka. Ngozi nyeusi ina wekundu ndani yake, ina unjano, na ya wengine ina ubluu kwa mbali. Chupa nzuri ina vitu hivyo. Paka tone kwenye karatasi nyeupe ulitawanye kwa kidole, utauona wekundu au unjano ukijitokeza. Ukiona jivu, irudishe kwenye rafu.

Tatizo hili si la jana. Eunice Johnson wa Chicago, aliyekuwa akiongoza maonyesho ya mitindo ya jarida la Ebony, aliona wanamitindo wake weusi wakichanganya fandesheni wenyewe kwa kukosa zinazowafaa, na mwaka 1973 vikazaliwa vipodozi vya Fashion Fair. Iman, mwanamitindo wa Kisomali, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ikaingia sokoni na rangi 40 za fandesheni kwa mpigo mmoja, na kampuni nyingine nazo zikaharakisha kuongeza chupa za watu weusi, kumbe ziliwezekana muda wote. Miaka hiyo naikariri kwa sababu inanikumbusha kwamba kuna wanawake waliokasirika kabla yangu, na hasira yao ikaleta kitu mezani.

Watu wawili wenye weusi sawa wanaweza wasitumie chupa moja, kwa sababu ya ile rangi ya chini ya ngozi. Ushauri wa kutazama kama mishipa ya mkononi ni ya kijani au ya bluu waachie wenye mishipa inayoonekana. Mimi yangu nimeitafuta nikachoka. Fanya hivi: chora mistari mitatu ya chupa tatu zinazokaribiana, kuanzia kwenye taya kushuka shingoni. Usiamue papo hapo. Fandesheni nyingi zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa huzidi kuwa nzito au hugeuka rangi ya machungwa, kwa hiyo zunguka zunguka robo saa, kisha toka nje kwenye mwanga wa mchana. Mstari uliopotea ndio wako. Muuzaji akikuharakisha, mwache aharakishe wengine.

Jambo jingine, nyuso zetu hazina rangi moja. Paji la uso na kuzunguka midomo huwa peusi zaidi, mashavu yamefifia kidogo, na hiyo ni hali ya kawaida. Wengi wanachukua rangi ya shavu wanaipaka uso mzima, wanatoka na paji la kijivu. Linganisha na shingo na kifua. Ukiweza kununua mbili, nzito iende pembezoni na nyepesi katikati. Ukiweza moja tu, nunua ile nzito, katikati utapachangamsha kwa konsila kidogo. Hapo neno kuchangamsha nalikubali.

Weusi wa chini ya macho na madoa ya chunusi usiyafukie kwa konsila nyeupe moja kwa moja. Weusi ule una ubluu na ukijivu, ukiweka weupe juu yake unapata majivu yaleyale. Tangulia na rangi ya machungwa, kwa sababu machungwa na bluu zikikutana zinafutana. Kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo machungwa yanavyotakiwa kuelekea wekundu. Wa maji ya kunde anatosheka na machungwa iliyopoa. Paka nyembamba, pale penye weusi tu, kisha ndiyo konsila inayokaribiana na ngozi yako.

Poda ndiyo iliyonimaliza siku ile. Zile nyeupe zinazosemekana hazina rangi, rangi zinayo. Nyingi zina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na nyingine titani dioksidi au zinki oksidi, na hivi hurudisha mwanga wa flashi kwenye kamera. Kwa macho huoni kitu, kwenye picha unaona chokaa. Tafuta poda yenye kahawia yako, na kabla ya kutoka ingia kwenye chumba chenye giza ujipige picha kwa flashi. Sitoki bila kufanya hivyo, na ninayempaka hatoki.

Sasa rangi zenyewe, hapa ndipo penye raha. Kanuni yangu ni nyepesi: rangi ikikutisha ndani ya kikopo, huenda ndiyo yako. Blashi ya waridi laini unayoipenda kwa macho ama itapotelea kwenye shavu ama itageuka unga, kwa sababu imejaa weupe. Chukua machungwa kali, nyekundu ya tofali, zambarau, au ile waridi inayopiga kelele. Gusa kidogo, tawanya, ongeza. Nimewaona wateja wakishika mkono wangu wakisema "hapana dada, hiyo hapana," na baada ya dakika mbili wanauliza imenunuliwa wapi.

Midomo yetu mara nyingi ina rangi mbili, wa juu mweusi na wa chini wenye uwaridi. Ukipaka lipstiki moja juu ya rangi mbili unapata lipstiki mbili. Jaza midomo yote kwa penseli ya kahawia nzito kwanza, halafu lipstiki. Nyekundu unavaa, tena unavaa sana. Yenye ubluu ndani inafanya meno yaonekane meupe zaidi. Yenye utofali inatulia, inafaa mchana. Rangi ya damu ya mzee, zambarau, hizo ni zako bila mjadala. Na ile wanayoiita rangi ya ngozi, jiulize ni ngozi ya nani. Kama ni ya mchanga, ni ya mwingine. Yako ni kahawia. Waridi iliyopauka ukiitaka kweli, izungushie penseli ya kahawia, ichanganye hadi mpaka wake usionekane, umalizie na lipshaini isiyo na rangi. Itakubali. Mimi binafsi siipendi, na mnajua kwa nini.

Machoni, dhahabu, shaba, kijani cha zumaridi, bluu nzito, zambarau. Zenye mng'ao wa madini zinakaa vizuri kwenye ngozi nyeusi kuliko zile kavu zilizopauka. Ukitaka rangi kavu ionekane, weka chini yake konsila au penseli ya rangi hiyohiyo. Hata penseli nyeupe inafaa hapo, mradi ifunikwe yote. Ndiyo nafasi pekee ninayoiruhusu chokaa iingie kwenye mkoba wangu. Nyusi ziwe kahawia nzito sana, nyeusi ya wino inafanya mtu aonekane amekasirika. Hailaita iwe ya dhahabu au shaba. Ya fedha nimeshaisema. Kuchonga mashavu kwa rangi nzito sikulazimishi; kwa mweusi ti, mara nyingi shaba kidogo juu ya shavu inatosha kulichonga.

Niseme na hili, hata kama kuna watakaoninunia. Kuna dada zangu wanaosoma mpaka hapa wakijiambia kwamba wakishajichubua kidogo rangi zitawakaa vizuri zaidi. Hazitakaa. Ngozi iliyopikwa na mkorogo inatoka mabaka, na mabaka ni magumu kupaka kuliko weusi wowote. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo inaharibu figo, na mingine ina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa ubluu usiotoka. Unatoka kwenye ngozi moja nzima unaingia kwenye ngozi tatu, kisha unakuja kwangu unataka zifanane. Sitakufukuza, nitakupaka, ila sitakudanganya.

Ukitaka madoa yapungue, jikinge na jua. Ndiyo, hata sisi. Weusi unakinga kiasi, hauzuii madoa. Krimu za kukinga jua zenye zinki nyingi zinaacha uso mweupe, najua, na ndiyo maana wengi wameziacha. Tafuta zisizoacha weupe, au zile zenye rangi ya kahawia ndani. Hizi za rangi zina faida ya ziada: oksidi za chuma zilizomo zinazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi.

Na kama siku ya mahafali utapakwa na mtu mwingine, mwombe mapema picha za watu wenye rangi yako aliowapaka, zilizopigwa mchana bila kichujio cha simu. Akikuonyesha wa maji ya kunde watupu, uliza tena. Nenda na fandesheni yako kwenye mkoba, nenda na poda yako pia, na mwambie usitumie nyingine. Mpambaji mzuri atafurahi umempunguzia kazi. Akianza kukueleza atakavyokuchangamsha, inuka kwenye kiti, nawa uso, ujipake mwenyewe ile nyekundu ya tofali juu ya penseli ya kahawia, uende zako.